Rejeta ya Lori kwenye Gari la Harusi

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Nimewasha gari asubuhi kama kila siku. Linanguruma kidogo, nazima. Hapa Magomeni ya Kilosa watu wanaamka kwa gari langu, jogoo hana kazi. Injini safi. Mitungi minane, ndizo silinda. Juu yake imekaa supachaja, pampu inayosukuma upepo kwa nguvu ndani ya injini. Kilosa hakuna gari kama hili. Morogoro hakuna. Dar es Salaam sijui, lakini nadhani hakuna.

Bwana Mgiriki wa shamba la katani aliliagiza kwa meli. Mimi ndiye nilikuwa dereva wake. Mashamba yalipochukuliwa na serikali akaniachia. Akasema Mwinjuma, anayelijua ni wewe tu. Kweli. Likakaa juu ya mawe miaka na miaka. Hakuna tairi, hakuna spea, kila kitu kibali. Sasa ruksa. Spea zimemwagwa stendi kama nyanya. Mwaka jana nimelishusha.

Mjukuu wangu Mwanaidi anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Anakwenda kwa mume Mikumi. Alipokuwa mdogo alicheza humu ndani, gari likiwa juu ya mawe, anashika usukani, anapiga honi kwa mdomo. Nikamwambia siku yako utakwenda na gari hili. Marehemu baba yake alikuwepo, alisikia.

Nimesema litakwenda. Litakwenda.

Jumatano, 5 Agosti

Nimejaribu njia ya Mikumi. Halikufika. Baada ya kupita kijiji cha Ulaya, kwenye kilima, limechemsha. Mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Mvuke kama treni. Nimekaa juu ya jiwe nangoja lipoe.

Mmasai mmoja alikuwa anapita na ng'ombe. Akanipa shikamoo, akaangalia mvuke, akauliza mzee, linaumwa nini. Nikamwambia homa. Akanionyesha bwawa la ng'ombe wake. Maji ya matope lakini maji.

Ugonjwa naujua. Supachaja inaleta nguvu, nguvu inaleta joto. Rejeta yake, inayopoza maji ya injini, ilitengenezwa kwa nchi za baridi. Nyembamba. Imeshazibwa kwa risasi ya kuyeyusha mara nyingi, ina viraka kuliko suruali yangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekasirika.

Baada ya swala Kasanda amenisimamisha mbele ya watu. Huyu Kasanda ni jirani, ni mtani wangu, Mnyamwezi. Bwana harusi ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo siku hizi anajiona mkubwa. Tena amenunua pikapu ya Kijapani. Ndogo kama kiberiti.

Akasema, "Mwinjuma, nasikia unauza chai njiani kwenda Ulaya. Hilo ni gari au sufuria?"

Nikamjibu, "Babu yako alikuja Kilosa kwa miguu kukata katani. Leo wewe unachagua gari?"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Halafu akaacha utani. Akasema upande wa mume hawawezi kukubali bibi harusi akae porini anangoja maji yapoe. Kama gari langu litakwenda Zombo, mbele ya kile kilima, na kurudi bila kuchemsha, yeye akiwa ndani, sawa. Likichemsha, kwenye jaribio au siku yenyewe, Mwanaidi anapanda pikapu. Jaribio Alhamisi. Nimempa mkono. Msikiti mzima umeona.

Akanishauri niitoe supachaja, gari litapoa. Nimwambie nini mtu kama huyo? Hilo ni kumhasi dume ili asipigane. Siitoi.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekwenda Morogoro na kurudi. Nimepata rejeta ya lori. Imesafiri juu ya basi, mimi ndani, na kila kituo nachungulia dirishani kama bado ipo. Kubwa. Nene. Imejaa mirija. Muuzaji aliuliza lori lako la tani ngapi. Nikamwambia si lori. Hakuelewa. Sikumweleza.

Jumatatu, 10 Agosti

Haiingii.

Mama Hamisi, mke wangu, alisema tangu juzi kwamba haitaingia. Aliitazama tu akiwa anapepeta mchele. 

Feni iko nyuma, nafasi hakuna. Basi nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Tumekata chuma cha mbele, tumeisogeza rejeta mpaka imegusa ile nyavu ya mbele ya gari. Ukipitisha kidole kwenye nyavu unaigusa rejeta. Umeme ulikatika katikati ya kazi, tumelala kivulini mpaka umerudi. Fundi anasema hajawahi kuona. Nikamwambia hutaona tena.

Jumanne, 11 Agosti

Leo feni. Nimefunga ya mapanga mengi, ya lori pia. Halafu nimekata pipa la bati, nimeizungushia feni kama koti, ili upepo wote upite kwenye rejeta, usikimbie pembeni. Hilo nililiona kwa bwana Mgiriki, kwenye trekta zake. Mipira ya maji mipya. Ile ya zamani nimetupa, imekauka kama ngozi ya kenge.

Nimewasha. Ukisimama mbele, feni inakuvuta kanzu. Imevuta jani la mwembe kutoka chini, likabandika kwenye nyavu. Mama Hamisi akasema sasa umepata mashine ya kufagia uwanja.

Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 13 Agosti

Zombo tumekwenda. Tumerudi. Mshale katikati, haukutikisika. Kwenye kile kilima nimekanyaga mafuta makusudi. Supachaja ikalia. Kasanda akashika mlango kwa mikono miwili, anasoma dua.

Kwenye kushuka akasema, "Mtani, nimeshindwa. Lakini breki zako je?"

Breki nzima.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimeosha, nimepaka nta. Mwanaidi yuko ndani, anapakwa hina, sisi wanaume hatumwoni. Mimi ni babu, kwa utani ananiita mume wangu. Ametuma mtu: "Mwambieni mume wangu wa kwanza kesho asile vitunguu, mimi nitakaa nyuma yake."

Nimecheka peke yangu mbele ya gari.

Dada yangu Mwantumu, ndiye kungwi wake, kasema kesho yeye na wanawake watalipamba gari. Nimemruhusu. Nimemwambia ndani wasiguse kitu.

Jumapili, 16 Agosti

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Ndoa imefungwa asubuhi, salama. Nimetoka na kanzu yangu nikakuta gari limepambwa. Maua ya plastiki juu ya boneti. Na mbele kabisa, Mwantumu ametandaza kanga, ile doti aliyoleta bwana harusi, haijakatwa. Imekunjwa mara mbili, imevutwa pembe kwa pembe, imeshonwa kwa kamba kwenye nyavu. Inang'aa. Nikasema sasa hili ndilo gari. Nilisema kwa mdomo wangu.

Kwetu kanga ya mume inamtangulia bibi harusi. Haishushwi mpaka akanyage kizingiti cha mumewe. Kamba yake ikikatwa njiani, au kanga ikigusa chini, wanasema ndoa haiendi vizuri.

Tumeondoka. Mimi mbele, Mwanaidi nyuma katikati ya Mwantumu na Mama Hamisi, amefunikwa. Kasanda anatufuata na pikapu imejaa waimbaji. Vigelegele mpaka Ulaya.

Kwenye kilima mshale ukaanza kupanda. Nikasema utarudi. Haukurudi. Mama Hamisi akasema linanuka joto. Nikamwambia ni vumbi. Nikaendelea, kwa sababu kwenye kioo nilimwona Kasanda nyuma, na nilijua atasema nini. Karibu na Zombo mshale ukagusa nyekundu. Nimesimama. Moyo ulikuwa unapiga kama injini iliyokosa mtungi mmoja.

Boneti nimefungua. Maji yapo. Mkanda upo. Feni inazunguka. Sikuelewa. Rejeta ya lori, feni ya lori! Kasanda akashuka, safari hii hakutania. Akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, ahadi ni ahadi. Mlete bibi harusi, waimbaji watashuka." Nikatamani kulia. Nasema ukweli, nilitamani kulia.

Ndipo nikapita mbele. Nikaiona kanga imenyonywa ndani ya nyavu, imebanwa kwenye rejeta kama plasta kwenye kidonda. Feni yangu imeivuta. Hata punje ya upepo haipiti. Gari lilikuwa zima. Lilikuwa limezibwa pua.

Nikatoa kisu nikate kamba. Mwantumu akatoka garini.

"Ukikata hiyo kamba, kaka, umekata ndoa ya mtoto."

"Nisipoikata, injini inakufa hapa."

"Basi apande pikapu na kanga ihamie kule."

Tukapigana maneno barabarani. Mimi mbishi, yeye dada yangu, tumezaliwa tumbo moja. Waimbaji wanatuangalia.

Bibi harusi hasemi siku yake. Mwanaidi akasema. Kutoka ndani ya mtandio, hakufunua hata uso: "Bibi Mwantumu, wewe uliolewa kwa miguu. Kanga yako ilibebwa kwenye fimbo mbele yako, babu amenisimulia. Haikufungwa kwenye gari. Mimi nataka kanga initangulie, na nataka kufika na gari la babu."

Mwantumu akaishika ile kanga. Akasema, "Itangulie basi. Lakini isiguse chini." Akafungua mafundo mwenyewe, taratibu. Kasanda akanyoosha mkono kuichukua.

Nilielewa maana yake. Kasanda atatangulia. Mimi nyuma ya kile kiberiti, mpaka Mikumi, watu wote wa Mikumi wakiangalia.

Nikamwambia, "Usiifunge mbele, utaziba pua yako na wewe. Ifunge kwenye bomba la juu, nyuma ya kichwa cha gari." Akaifunga ikapepea kama bendera.

Tumengoja lipoe, tumeongeza maji, tumeondoka. Nimekula vumbi la Kasanda kutoka Zombo mpaka Mikumi. Mguu ulikuwa unawasha. Kukanyaga mara moja tu, ningempita kama amepaki. Sikukanyaga. Nilikuwa naangalia kanga, naangalia mshale. Mshale ulikuwa katikati.

Tumefika jua bado kali. Vigelegele vya watu wa Mikumi. Mwanaidi alishuka kwenye gari langu, si lingine. Kabla hajashuka alinigusa bega kutoka nyuma. Kidole kimoja, chenye hina. Maneno yake alishayamaliza Zombo.

Kasanda alikuwa anawaambia watu wa kwao, "Hilo ndilo gari la mtani wangu. Nimepanda, najua." Jeuri yule. Lakini amesema.

Jumanne, 18 Agosti

Nimesafisha rejeta kwa brashi na maji. Vumbi jekundu la pikapu limetoka ndoo nzima. Nyumba kimya. Nimewasha kama kawaida asubuhi, nimezima mapema.

Kasanda alipita. Ameuliza kama rejeta ya lori inaweza kuingia kwenye pikapu yake. Nikamwambia haiingii. Halafu nikamwambia alete tuangalie.

Mwanaidi ameikata ile doti. Kipande kimoja amebaki nacho, cha pili amemtumia bibi yake, mke wangu. Mama Hamisi amekifua mchana. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa, akakitandaza mbele ya gari, juu ya ile nyavu, kikauke.

Nimekiona. Nimekiacha. Leo gari haliendi popote.