Kitambaa cha Kifuani

Kanyangi, 9 Februari 2025

Mke wangu Kaluki,

Leo natimiza mwaka wa thelathini na moja nje ya Kilungu. Hujambo? Cherehani yako nayo? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio; ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu.

Barua yako kutoka Kikima nimeipata. Unaniuliza kama uende Nairobi daktari akuongeze matiti. Hilo halina mjadala. Ulipewa jina la bibi yako, kwa hiyo mimi ndiye mume wako wa kwanza kabla ya huyo Mulinge anayetaka kukuoa. Mume wako amekataa.

Babu yako

Kikima, 2 Machi 2025

Mume wangu mzee,

Nakusalimu sana. Mvua bado, lakini tuko salama.

Ulinichekesha, kisha nikakasirika. Nina miaka thelathini na nne. Kutwa napima vifua vya wanakwaya niwashonee sare, na changu nimekiwekea sponji. Mulinge hajasema neno. Ni mimi ninayetaka, tangu nikiwa msichana. Daktari amenieleza hatari zote, hata kwamba huenda siku moja nikapasuliwa tena.

Shangazi Mumbua anasema bibi naye alikuwa akiweka kitambaa kifuani. Kwa nini? Babu, unanikataza mimi, au ni yeye unayemfikiria?

Mjukuu wako

Kanyangi, 17 Agosti 2025

Kaluki,

Natumaini u mzima. Nimechelewa miezi mitano. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Bibi yako alikatwa titi la kushoto mwaka wa 1992, kwa ugonjwa. Jumapili ya kwanza aliyopata nguvu za kwenda kanisani, alisimama mlangoni na gauni lake la kijani, anafurahi. Nikamwambia, "Weka kitu hapo, watu wataona."

Akarudi ndani. Alikunja kitambaa, akakishona pindo. Hakukitoa tena mbele yangu, hata kitandani. Nilikuwa na miaka miwili ya kumwambia akitoe. Akina mama waliomwosha alipokufa walikiacha juu ya meza, kimekunjwa vizuri. Mwezi huohuo nikahama.

Februari nilikufanyia wewe lilelile, tena kwa mzaha. Usinisikilize.

Babu yako

Kikima, 5 Oktoba 2025

Babu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinikuta nimeshapasuliwa, tangu Julai. Kidonda kimepona. Mulinge aliuliza tu kama nitaendelea kumshonea suruali bure. Ile sponji nimeifanya mto wa sindano. Sijajuta, ila nililala hospitalini nikijua umeninunia.

Harusi ni Desemba, Kilungu, nyumbani kwako. Mulinge lazima aje mbele yako akuombe mke wako, na watu wacheke. Kiti chako nimeshakiazima kanisani. Njoo.

Mjukuu wako

Kanyangi, 2 Novemba 2025

Mke wangu Kaluki,

Nashukuru umepona. Sikukununia. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika sentensi moja, na wewe ukaingia chumba cha upasuaji peke yako. Hilo nalo ni langu.

Mwambie Mulinge nimeridhia, na suruali alipie.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu huko Kilungu kuna msumari. Hapo ndipo bibi yako alipokuwa akianika kitambaa kile anapovaa kingine, ndani, majirani wasikione. Nilikuwa nikikiona kila siku nikichukua kofia yangu. Mumbua anasema msumari bado upo.

Kiti kirudishe kanisani. Sitarudi.

Babu yako