Fundi Mkasi na Daftari la Vidonge

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana nimedanganya kwa maandishi, tena kwa hati nzuri. Baba yangu ni fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Fundi Mkasi, ana saratani ya tumbo, uvimbe wake ulikataa dawa ya kwanza ukakataa na ya pili, sisi watoto tukawa tumeshaanza kunong'onezana, ndipo daktari akamweleza kuwa kuna vidonge vipya vinavyolenga kile hasa kinachoukuza uvimbe, ila bado vinajaribiwa na hakuna anayejua kama vitafaa, Baba akasaini siku ileile, na tangu hapo hashikiki, kila mteja lazima asikie, "Dawa inajaribiwa kwangu kwanza, nyie wengine mtaikuta tayari!" nami namwonea fahari mpaka machozi yananitoka.

Sasa hospitali walitupa daftari la kuandika kila siku kameza saa ngapi na kasikia nini mwilini, naandika mimi kwa sababu ya macho yake, na wiki tatu hizi viganja vimevimba na kubabuka, mkasi anaushika kwa kitambaa, lakini muuguzi akipiga simu, "Hujambo mzee?" anajibu, "Sijambo kabisa!" na mimi ananiambia, "Andika hakuna. Wakijua watanitoa, mwanangu, na nikitolewa sina pengine pa kwenda." Nimeandika "hakuna" mara ishirini na moja. Nikisema namuua, nikinyamaza namuua. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

JIBU

Binti wa Fundi, pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Baba yako namvulia kofia. Dawa mbili zimemwangusha, naye kautoa mwili wake ili ya tatu ijulikane. Wenye kifua hicho ni wachache. Lakini kazi mnayojivunia ndiyo hiyohiyo mnayoiharibu! "Sijambo" ni ya kujibu salamu, hata mwenye homa huisema. Daftari si salamu. Daktari akisoma "hakuna" ataamini dozi imekaa sawa, na wagonjwa wengine watapewa hiyohiyo, wababuke kwa ajili ya hati yako nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mnayaficha mbele ya daktari!

Halafu nani kawaambia atatolewa? Mmeuliza? Mara nyingi hupunguza dozi, au huisimamisha siku chache mwili upumzike, kisha wakaendelea. Siwaahidi, mimi si daktari, na huenda kweli wakamtoa. Ila hilo aliseme daktari akiwa na ukweli mkononi.

Usingoje siku ya kliniki, pigeni simu leo. Usifute wala usichane ukurasa. Andika ukweli chini yake na tarehe ya leo. Wala usimzunguke mzee, mwili ni wake na saini ni yake, aseme mwenyewe. Akikataa, sema wewe, mbele yake.

Najua atakuwa mbishi. Basi mkumbushe wateja wenye vitambi, mimi nikiwemo, ambao tukipimwa kiuno huvuta tumbo ndani, kisha suruali tunairudisha kesho yake vifungo vimekatika. Kila fundi aliyewahi kunishonea huniambia neno moja, na Baba yako lazima kashalisema mara elfu. Mwekee daftari juu ya cherehani, mpe simu mkononi, umwambie:

"Baba, achia tumbo."