Kamba ya Bendera kwenye Kayaki

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Nimeanguka majini mbele ya watu. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Mama Dorcelle, patron wetu, mwenye depo ya unga hapa Naviundu, Lubumbashi, amepata bwawa la samaki nje ya mji. Ndani ya kontena ya vitu vya Ulaya akapata pia kayaki — mtumbwi wa plastiki, wa njano, mwepesi kama beseni. Wavu yeye hautaki, kwa sababu unakokota hata watoto wa samaki. Anatafuta mtu wa ndoano, akae kule, alinde bwawa. Lakini samaki wakubwa, makobo, wanakaa penye miti iliyozama, na pale upepo wa Agosti unasukuma kayaki kama jani. Akaniambia: ukiweza kuisimamisha, kazi ni yako. Ukishindwa, rudi kwenye magunia.

Mimi ni mtu wa Pweto. Nikamjibu, mama, kusimamisha bwato ni kazi gani? Nikafunga jiwe kwenye kamba, na kamba nikaifunga ubavuni karibu na kiti, kama tunavyofanya kwetu ziwani. Bwato letu ni mtumbwi wa gogo zito, halijali. Kayaki ilijali. Jiwe liliposhika chini, upepo ukaipiga ubavu, kamba ikavuta upande uleule, ikalala. Mimi ndani ya maji. Kofia ikaenda zake.

Rigobert, tunayebeba naye magunia, alikaa chini kwa kucheka. "Muntu ya Pweto! Kumbe kule munakamataka samaki na kichwa?"

Mama Dorcelle hakucheka. Alisema Jumapili ya tarehe 17 atakuja kukaa ndani ya kayaki yeye mwenyewe, aone kama inasimama.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Magunia. Shingo inauma hadi kwenye meno.

Nimefikiri. Jiwe lilishika, kosa ni mahali pa kamba. Ingevuta kutoka puani, kule mbele, kayaki ingeutazama upepo na kutulia. Lakini mimi nimekaa katikati. Nikitambaa kwenda puani, ninapinduka. Nikiifunga puani kabla ya kuondoka, nitaitoaje nikiwa kule?



Jumatano, tarehe 6 Agosti

Jibu limekuja nikiwa na gunia shingoni.

Nilikuwa ninapita mbele ya shule, wanafunzi wako kwenye masomo ya likizo. Filimbi ikalia, bendera ikaanza kupanda. Hapo kila mtu anasimama, hata mwenye mzigo. Kulishusha gunia sikuweza — nani angenitwika tena? Nikasimama nalo. Macho hayakuwa na kazi, yakafuata kamba. Mwanafunzi anavuta chini, bendera inapanda juu. Yeye hatoki mahali pake. Kamba ni moja, inazunguka, na kule juu kuna gurudumu.

Na mimi nilipandisha bendera kule Pweto, mpaka darasa la sita nilipoacha shule! Mikono ilijua siku zote. Kichwa hakikuwahi kuiuliza.

Bendera ilifika, watu wakaendelea kutembea. Mimi nilibaki palepale. Mama mmoja muuza maandazi akaniuliza: "Papa, uko nalilia inchi, ao ni gunia njo inalemea?"

Nikamwambia yote mawili.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Elisée, yule fundi wa kuchomelea, amenipa magurudumu mawili madogo yaliyotoka kwenye dirisha la kusukuma. Amenikunjia pia nanga ya chuma yenye makucha manne, maana upepo ukizidi, jiwe litateleza kwenye matope. Aliniuliza kama bwawani kuna mamba ninayetaka kumkamata.

Sikutoboa kayaki hata tundu moja. Gurudumu moja nimelifunga kwenye mpini wa puani, jingine kwenye mpini wa nyuma. Kati yao kamba inazunguka ubavuni, na juu yake nimefunga pete. Kamba ya nanga inapita ndani ya pete. Nikiwa nimekaa, ninavuta, pete inakwenda yenyewe mpaka puani. Nikivuta upande wa pili, inanirudia mkononi.

Nimeivuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ni tamu kuitazama.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Imesimama.

Upepo ulikuja, pua ikageuka yenyewe, ikautazama. Niliweza kuweka sahani ya bukari, ugali wetu, mapajani.

Shida moja: makucha yaliingia kwenye mti chini ya maji, nikahangaika kuyatoa. Basi nimefunga bidon tupu, dumu la plastiki, kwenye mwisho wa kamba ya nanga, na karibu na kiti nimeweka fundo la kuvuta mara moja. Nanga ikikwama, unaachia. Bidon inaelea, unairudia baadaye, upepo ukiwa umelala.

Rigobert aliangalia yote. Akasema, "Nionyeshe tena ile fundo." Bila kucheka.

Nimempigia simu mke wangu, Syntiche, kule Pweto. Nimemweleza kila kitu, magurudumu, pete. Akasema: "Bantu banaendaka Lubumbashi juu ya kutembea mbele. Weye uko nafurahia kusimama." Tulicheka sana. Kisha akauliza kama shingo bado inauma.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Ninaandika nikiwa kwenye ukingo wa bwawa. Mama Dorcelle yuko kule kwenye miti, ndani ya kayaki, na jaketi ya kuelea. Kabla ya kuondoka aliniuliza: "Ile kitu inasimama ao haisimame?" Nikamwambia, mama, vuta kamba, utaona. Nikamwonyesha fundo mara mbili.

Upepo umekuwa mkubwa. Mkubwa kuliko siku niliyoanguka. Matete yamelala yote. Rigobert amesimama kando yangu: "Kangwa, muite arudi. Akianguka ule, sisi wote tutatafuta kazi."

Pete iko puani, ninaiona inang'aa. Kamba imekaza. Njano yote imegeuka, inautazama upepo, inapanda na kushuka bila kutoka mahali pake.

Rigobert ameanza kuvua viatu. Nimemwambia ngoja.

Mama ameweka mkono kwenye fundo. Anatutazama. Amesema kitu, upepo umekibeba. Nikipunga mkono, ataachia, atarudi, nami Jumatatu niko chini ya gunia. Sijapunga.

Ameangalia kamba. Ameangalia maji. Mkono ameutoa kwenye fundo.

Ametugeuzia mgongo. Anatia chambo.