Cherehani ya Mama Yako

Baba Kibonge,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe. Nguo zianue mapema, wingu limeshatanda. ~~Usiniulize mtoto yuko wapi.~~ Mtoto yuko kazini kwangu.

Jana si uliapa utabaki naye? Naamka asubuhi, viatu vyako havipo. Nikambeba mgongoni mpaka kwa yule msimamizi wetu ambaye meno yake sijawahi kuyaona. Nikamficha chini ya meza ya kukatia vitambaa, juu ya mapazia ambayo hayajapindwa, roho mkononi. Unamjua mwanao, hapa nyumbani kumlaza ni vita, mchana na usiku. Basi cherehani zilipoanza kunguruma, akalala fofofo. Kumbe alizizoea tangu tumboni.

Mara umeme ukakatika. Kimya. Kibonge akaamka na kilio chake, mafundi wote wakanigeukia. Msimamizi akaja, akachungulia chini ya meza. Nikajua kazi sina. Yeye akaketi kwenye ile cherehani kuukuu ya miguu, akaanza kuikanyaga, haina uzi wala kitambaa. Mtoto akalala tena. Mimi nusura nilie.

Nimekimbilia hapa kuchukua uji wake tu. Umeme haujarudi, na mzee wa watu nimemwacha bado anakanyaga.

~~Kesho utabaki naye, upende usipende.~~ Kesho naenda naye tena. Wewe itoe cherehani ya mama yako stoo, uitie mafuta. Usiku huu zamu ya kukanyaga ni yako.

Mama Kibonge