Hawakusimama Pamoja Kitandani Pako

Mama,

Udongo wa kaburi lako bado haujakauka, na mimi bado nina hasira. Najua ungeniambia nitulie. Sitatulia.

Tangu uende, veranda yetu hapa Kamalondo imekuwa kimya. Hakuna wa kuwachokoza wapita njia. Hata kiharusi kilipokupinda uso, ulinitisha: "Ata na kinywa ya nusu, nitakugombeza!" Nikacheka hadi wodi nzima ikageuka kunitazama.

Lakini kilichokuua si kiharusi, Mama. Siku ile ya kutoka hospitali, daktari alitazama mkono wako, akasema, "Mama iko bien, iko muzima, murudiye ku nyumba. Anywe mayi mingi." Akaenda zake. Kumbe kiné, yule aliyekufundisha kutembea tena, alikuwa ameshaona kwamba maji yanakupalia, kwamba upewe uji mzito tu, tena umekaa wima. Alimwambia muuguzi wa zamu. Muuguzi akaenda kupumzika bila kumwambia mtu. Wala hakuna aliyeniuliza nyumbani nani atakulisha. Basi nikakunywesha maji umelala, nikifuata amri ya daktari. Kwa mkono wangu huu. Mkono wangu huu, Mama! Ukakohoa, ukakohoa, maji yakaingia mapafuni, ukaniacha.

Niliporudi kuwauliza, kila mmoja alinijibu, "Ile haiko kazi yangu." Kidole kimoja hakivunji chawa, na wao vidole vyao walivitumia kuonyeshana tu. Wote wamesoma. Wote walikujua kwa jina. Ni nini kiliwazuia kusimama pamoja kitandani pako wakaambiana? Siwasamehe, na usiniombe niwasamehe.

Sasa sikia. Mdogo wako, mama mudogo Ngoie, amelazwa wodi ileile, kwa kiharusi kilekile. Naye maji yanampalia, nimemwona. Leo daktari amesema kesho anatoka. Nimekataa kufunga vitu vyake. Nimewaambia daktari, muuguzi na kiné waje pamoja, waseme mbele yangu na mbele ya wenzao ale nini, anywe vipi, nani amsaidie nyumbani. Wamenuna. Muuguzi mkuu ameniita kichwa ngumu. Nikamjibu kwamba nimekirithi kwako.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi: mdogo wako hatoki pale mpaka wao wenyewe wamnyweshe uji mzito amekaa wima, wote wakiwepo, nami nikitazama.

Binti yako