Mzinga kwenye Kofia ya Stambuli

Shika Adabu, Likoni
9 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Swabra,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mumeo Abdulaziz hajambo? Mimi mzima, ila goti, na goti nalo lanitembelea kuliko nyinyi.

Nakuuliza bila kuzunguka: picha yangu iko wapi? Ulikuja harusini kwa Rashad, ukalala chumbani mwangu, ukaondoka, na picha ikaondoka. Usiniambie panya. Panya hafungui kasha akalifunga tena.

Wajua ni ya nani. Ni ya Stambuli, aliyenizaa asinione. Ameketi kitini, nguo za askari, kofia kichwani, na pahali pa uso ni peupe kwa kuwa marehemu Mjomba, nduguye mama, aliukwangua kwa wembe. Alikuwa maalimu, akisema nyumba inayosaliwa haikai picha yenye mato yanayotazama. Nguo akaziacha. Nguo hazina roho.

Usidhani naiweka kwa mapenzi. Naiweka kwa kuwa mama alinipa mkononi. Mtu mwenyewe alitoroka jeshini, akamtoroka na mkewe mja mzito, nami nikakulia hapa Likoni naitwa mtoto wa mtoro. Bi Kafedha yu hai bado, muulize, ndiye aliyekuwa akiniimbia tukienda kuteka maji. Sasa wewe wataka kumwonyesha nani huko Nairobi? Irudishe kwa basi, uifunge vyema.

Jirani yangu Kulthum ataipiga picha barua hii kwa simu akutumie. Nawe Kulthum, ukishasoma, cherehani yako yakungoja.

Bibi yako,
Mwanatabu

*

Pangani, Nairobi
20 Januari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, tunakuombea goti lipoe. Picha ninayo mimi, nisamehe. Ningekuomba ungekataa.

Nina mimba ya miezi mitano. Daktari amesema ni mwanamume. Tunataka kumwita Stambuli, na najua utasema hapana, basi nikataka kwanza kujua ni mtu gani huyu tunayemkataa.

Kuna mwalimu mwenzangu wa historia, Winfred, anayejua sana majeshi ya zamani. Aliitazama picha kwa kioo cha kukuzia, Bibi, akaniita nitazame na mimi. Kwenye kofia pana beji. Wale keya, askari wa miguu mliokuwa mkiwaona huko, beji yao ilikuwa na baragumu. Hii ina mzinga. Stambuli hakuwa keya. Alikuwa askari wa mizinga, na hao walikuwa na kambi zao na maafisa wao.

Bibi, nani hasa alisema kwamba alitoroka?

Abdulaziz anasema siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza uso pale palipokwanguliwa. Ukitaka tutajaribu.

Mjukuu wako,
Swabra

*

Shika Adabu
29 Januari 2025

Swabra,

Marahaba. Miezi mitano! Na kule harusini ukala biriani ya watu wawili kimya kimya, nami nikawa nasikitika moyoni, masikini, Nairobi hawamlishi. Mungu akufungue salama. Usinyanyue ndoo.

Jina hilo usimtie mwanao. Mtoto hapewi jina atakalotukaniwa.

Waniuliza nani alisema. Vita vilipokwisha keya walirudi. Mama alinibeba mgongoni akasimama kivukoni, upande wetu huu, na kila aliyeshuka amevaa zile nguo alimshika mkono: mwanangu, wamjua Stambuli? La, mama. Stambuli wa Likoni? La, hatukuwa naye. Siku nyingi alikwenda. Mwisho mmoja akacheka, akasema ametoroka huyo mama, nenda nyumbani. Akaja nyumbani. Baadaye akaenda kwa kadhi kuomba uhuru wake, akaolewa na baba aliyenilea, Mungu amrehemu.

Sasa nawe waniambia hawakuwa jeshi moja! Kwetu kila aliyevaa kaptura ya kaki na kofia kubwa alikuwa keya. Nani angejua kutazama beji? Mama hata hela akizijua kwa rangi. Kumbe siku zote zile aliwauliza wasiomjua, na wao wakasema kweli kwamba hawamjui.

Nimeandika hapo nikainuka, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Uso wa kompyuta sitaki. Nimekaa umri huu wote bila uso, siletewi wa kutunga. Lakini huyo Winfred mwambie atazame tena. Watu wa siku hizi mwaona haraka. Ni mzinga kweli? Isiwe ni doa.

Bibi yako,
Mwanatabu

*

Pangani
17 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumai umelala usiku. Kulthum ameniambia hulali.

Ametazama tena. Ni mzinga, gurudumu laonekana. Na kuna jambo jengine, nalo nimelizungusha kichwani wiki nzima nikitafuta njia nzuri ya kukuandikia. Sijaipata.

Ulisema mamako alikuwa mja mzito Stambuli alipoondoka, nawe umezaliwa katikati ya mwaka arubaini na nne. Mwezi wa pili mwaka huohuo meli iliondoka hapo Kilindini ikienda Silani, ndiyo Sri Lanka ya leo. Ilibeba askari wa mizinga wengi wa huku kwetu. Kabla ya kufika, nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa zaidi ya watu elfu moja. Wakati ule vita vilikuwa bado havijaisha, na habari haikutangazwa. Wake zao walikaa kusubiri.

Sisemi alikuwamo. Nasema nguo zake ni za watu wale, na mwaka ni ule. Jina lake sijalikuta pahali, lakini Winfred asema majina ya askari wetu yaliandikwa ovyo, na mengine hayakuandikwa. Huenda alizama, Bibi. Huenda hakumtoroka mtu yeyote.

Nijibu tafadhali, hata kwa matusi.

Mjukuu wako,
Swabra

*

Pangani
30 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nilikutumia salamu za Ramadhani, za Idi pia, hukujibu. Nikimpigia Kulthum akupe simu, anasema umetoka. Jana nimembana akasema ukweli. Kumbe kila asubuhi wapanda feri, wafika ng'ambo, hushuki, wageuza nayo. Kisha wapanda tena. Bibi, na hilo goti!

Ningekuja, ila daktari amenikataza safari.

Lazima nikwambie hili pia, nisije nikawa nimekudanganya. Winfred amesoma zaidi. Si askari wote wa mizinga waliopanda meli ile. Wengine walibaki wakilinda bandari, mizinga yao ilikuwa huko huko Likoni. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwa hakika. Winfred anataka kuendelea kutafuta. Naomba usilichukue neno langu la kwanza kama ndilo la mwisho.

Mimba imeshuka. Siku zimekaribia. Jina sitalitia bila wewe kusema.

Mjukuu wako,
Swabra

*

Shika Adabu
12 Mei 2025

Mjukuu wangu Swabra,

Marahaba mwanangu. Natumai waweza kuketi na tumbo hilo. Mimi mzima.

Kulthum ana mdomo, nami nishamwambia usoni. Ndiyo, nilikuwa nikipanda feri. Nyumbani nikiketi nainuka, nikilala nainuka, nikaona afadhali niinukie mahali penye watu. Kijana wa kivukoni alidhani nimepotewa na akili. Akanishika mkono, "Nyanya, nikuvushe?" Nikamwambia nimevuka hapa kabla babako hajazaliwa, niachilie.

Kisha nikachoka. Nikaenda kwa imamu wetu, nikamwambia: kuna mtu, leo angekuwa na miaka mia na zaidi. Awe alizama awe alitoroka, amekufa. Asomewe asisomewe? Akasema, asomewe. Nikamwuliza, na aliyezama? Akasema aliyezama ni shahidi. Nikaondoka sikumwuliza jengine.

Jumapili iliyopita tumemsomea hitima hapa uani. Pilau nilipika mimi, Kulthum alichambua mchele akiacha mawe. Watu walijaa hadi barabarani. Bi Kafedha naye aliletwa kwa kiti cha magurudumu, hasikii vyema, akapaaza sauti mbele ya watu wote: "Mwanatabu, hii hitima ya nani?"

Nikasimama. Nikasema ni ya baba yangu Stambuli, askari wa mizinga, alizama baharini na wenziwe nikiwa tumboni. Sikusema huenda.

Akasema, "Nani alokwambia?"

Nikamwambia, "Na wewe ulipokuwa ukiniimbia, nani alikwambia?"

Akaomba nyama.

Usiku ule nilimlilia mama. Si baba, simjui. Mama, ambaye hakukaa eda ya mumewe, hakuvaa nguo nyeupe, hakuja mtu kumpa pole. Alipewa uhuru kama mwanamke aliyeachwa, akatembea nao kichwa chini mpaka kaburini.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi kuliko upendavyo. Wasema huenda alibaki kulinda bandari, hapa Likoni. Hebu fikiri unaloniambia. Kambini pale na nyumbani kwetu ni mwendo wa mtu kufuata kiberiti. Kama alikuwa hapo, na mkewe yuko hapa na tumbo, na hakuja, basi huyo ni mtoro kuliko watoro wote. Hilo silipokei. Nimeishi nalo muda mrefu, limenitosha.

Mwambie Winfred ahsante. Mpe na korosho, ntampa dereva wa basi akuletee. Umwambie aache kutafuta. Akikataa kuacha, kwani wenye elimu hamwambiliki, basi atakachokipata akakae nacho yeye. Nawe akikwambia, usiniandikie.

Mtoto mwite Stambuli. Akijaliwa kutembea mlete, nimpitishe kwa Bi Kafedha kwanza.

Bibi yako,
Mwanatabu binti Stambuli