Hedfoni Mbea

Mwenzangu, tumeumbuka!

Yule fundi sauti wetu anayezicheka hedfoni zangu ndogo za kuchomeka masikioni, za bei ya kutupa? Leo kanivalisha zake za kifahari, zenye matundu nje. "Vaa, dada, usikie tofauti."

Nikafungulia ile sauti uliyonitumia asubuhi. ILE, unayomwigiza bosi anavyokoroma kikaoni!

Kumbe yale matundu yanatoa sauti nje! Ofisi nzima kimya. Ukakoroma. Ukakoroma TENA!

Bosi kageuka: "Nani huyo anakoroma?"

Nikamjibu, "Ni wewe, bosi."

Radhi siombi, ng'o! Alikoroma, hakukoroma?

Na za fundi ni tamu, sikatai. Lakini zangu za bei ya kutupa zinajua kutunza siri.